Mluzi wa Pili

Ermete Bracci alikuwa na mluzi wake, na mji mzima wa Montalbeto uliujua. Haukuwa mluzi wa kuita mbwa, wala ule wa vijana kumwita msichana. Ulikuwa wa sauti mbili fupi, ya kwanza juu, ya pili chini, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumwambia mkewe Delfina aondoke dirishani.

Nyumba yao ilitazama uwanja wa kisima, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la picha. Kila picha nzuri ya uwanja ule, kisima mbele, ngazi za kanisa nyuma, mnara ukichungulia upande wa kushoto, lazima ilinase na dirisha la Delfina. Na Delfina alikuwa mtu wa dirishani. Pale ndipo alipochambua maharagwe, pale ndipo alipokung'uta mablanketi, na pale ndipo alipojua nani anaumwa na nani kanunua viatu vipya. Basi Ermete akishasimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu kando ya kisima, akishangoja wingu lipite, alipiga mluzi bila hata kuinua kichwa. Juu, mabawa ya dirisha, yale ya mbao yenye vibao vyembamba vilivyolala, yalifungwa. Picha ikapigwa. Kisha ulitakiwa uje mluzi wa pili, ule ule ila umegeuzwa, chini kwanza halafu juu, maana yake: fungua, nimemaliza.

Wa pili aliusahau mara nyingi. Akishapata picha yake alikuwa na mambo mengine, mara filamu ya kusafisha, mara mgeni wa kupiga naye soga, mara kahawa pale baa. Delfina alikaa gizani mpaka achoke, ndipo afungue mwenyewe polepole na kuchungulia kama mtu anayeomba ruhusa katika nyumba ya wenyewe. Wanaume wa baa walimtania Ermete kwamba amemfunza mkewe vizuri kuliko wawindaji wanavyofunza mbwa wao. Naye, kwa ujinga wake, aliona amesifiwa.

Baba yake, mzee Nazareno, alikuwa mpiga picha pia, ila wa enzi ya kupiga watu. Alipiga maharusi, askari kabla hawajaondoka, watoto wa komunyo ya kwanza, na mara nyingine alipiga maiti, pale ambapo familia haikuwa na picha nyingine ya kuweka kaburini. Kazi hiyo ya mwisho ilimchukiza mno. Alikuwa akirudi nyumbani anakataa chakula, anamwambia mwanawe kwamba hakuna aibu kubwa kwa mpiga picha kama kumkuta jirani yake mwenyewe hana picha, akalazimika kupiga uso ambao angeweza kuupiga ungali unacheka. Ermete alisikia. Kusikia ni jambo moja.

Yeye aliporithi duka, mabasi ya wageni yalikuwa yameanza kupanda mlima. Alikuja mfanyabiashara wa postikadi kutoka Perugia, mtu wa tai na harufu ya marashi, akapekua picha zake moja moja huku akikunja uso. Akauliza watu wote hawa ni wa nini. Akasema mgeni hanunui kadi yenye mama anayekung'uta blanketi, huyo hata kwao yupo. Mgeni ananunua mawe. Niletee mawe, alisema, nami nitakuletea noti.

Neno lile lilimwingia Ermete hadi kwenye mifupa. Tangu siku hiyo akawa adui wa kila kilicho hai uwanjani. Aliamka kabla ya wafagiaji, akamwomba mwenye baa aingize viti, akahamisha baiskeli za watu, akafukuza paka, akafukuza na njiwa. Ukizitazama kadi zake ungedhani mji wetu umepitiwa na tauni jana yake. Lakini ziliuzwa, tena ziliuzwa kwelikweli. Wageni walizishika wakasema, loo, utulivu gani huu, kisha wakamwomba awapige wao wenyewe wamesimama kando ya kisima, naye akawapiga huku anatabasamu, akawapanga mabega, akawaambia wasogee wakae vizuri. Watu wa Osaka na wa Hamburg waliruhusiwa kusimama mbele ya dirisha lile. Mwenye dirisha hakuruhusiwa.

Isije ikadhaniwa kwamba alimchukia mkewe. Alimpenda, na angeshangaa sana kama mtu angemuuliza. Walipendana kwa namna ya watu wa kazi, bila watoto, bila kelele, yeye akirudi mezani anakuta supu ya maharagwe na ngozi ya nguruwe, Delfina akiingia chumba cha giza cha kusafishia filamu kumpelekea kahawa bila kuwasha taa. Hata kwenye arusi walikwenda pamoja. Ermete alipiga, Delfina alishika taa. Alikuwa hodari kwa hilo, anajua bila kuambiwa anyanyue mkono kiasi gani ili kivuli cha pua ya bwana arusi kisitambae mdomoni. Arusi zote za Montalbeto za miaka ile zimemulikwa na Delfina, ikiwemo ya mdogo wake wa tumbo moja, Ilde. Ndiyo maana katika picha za arusi ya Ilde wamo shangazi, binamu, hata jirani aliyekuja kula tu, lakini dada wa bibi arusi hayumo.

Mara moja tu Delfina aliomba. Ilikuwa Pasaka, wametoka misa, naye amevaa koti jipya la kijani alilolishona mwenyewe majira yote ya baridi. Alisimama kando ya kisima akasema, kwa utani wa mtu anayeona haya, hebu nipige moja na mimi kabla halijachakaa. Ermete aliangalia jua. Akasema mwanga umeshaharibika, ni mkali mno, utaonekana umekunja macho. Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata likaja basi la Wajerumani. Koti lilivaliwa, likafifia, likaishia kwenye gunia la maskini la parokia. Delfina hakuwa mtu wa kuomba jambo mara mbili.

Kisha dunia ikageuka. Kila mgeni alishuka basini na kamera yake mfukoni, ndani ya simu, na postikadi zikabaki dukani zikijikunja pembe kwa jua. Ermete alilifunga duka, akalipangisha kwa watu wanaouza sumaku za kubandika kwenye friji, akahamia baa kuwalaani hao wenye simu. Alisema hawajui mwanga, hawajui kusubiri. Delfina alibaki dirishani kwake, na sasa hakuna aliyempigia mluzi. Lakini mazoea yana nguvu. Akiona mtu yeyote chini ananyanyua simu, yeye mwenyewe alirudi nyuma akavuta mabawa.

Alifariki wiki chache baada ya Pasaka, kwa ugonjwa uliomkausha mpaka pete ikawa inamdondoka. Wakamweka katika ukuta wa makaburini, ambamo kwetu majeneza huingizwa kwenye matundu yaliyopangwa safu juu ya safu, safu ya tatu, mahali pazuri penye jua la asubuhi. Tundu likazibwa kwa saruji na jina likaandikwa kwa rangi, kama inavyofanywa kwetu wakati marumaru inangojwa. Fundi wa marumaru, Quinto, alikata jiwe, akachonga herufi, akaacha nafasi ya mviringo kwa ajili ya picha ya kaure, ile inayochomwa tanurini isifutwe na mvua. Jiwe lilitakiwa likae kabla ya Siku ya Marehemu. Siku hiyo mji wote unapanda makaburini na mashada ya krisantemu, na watu hawasomi majina, wanasalimia nyuso. Huyu alikuwa mwokaji, huyu alikuwa na ulimi mkali, huyu alitudai. Marehemu asiye na picha anapitwa kama mlango wa stoo.

Septemba ikaisha na picha haijafika kwa Quinto. Ndipo Ilde alipokuja, amevaa nyeusi, na mfuko wa zabibu mkononi ili asionekane amekuja kwa shari. Alikataa kukaa.

"Shemeji, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza dada yangu atapata uso lini."

"Suala la picha niachie mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Ermete alimwonyesha alizokuwa nazo, na zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya arusi yao, aliyoipiga mzee Nazareno: msichana mwenye shingo ndefu na shela, anayetazama pembeni kana kwamba kuna mtu amemwita. Ya pili ni ya kitambulisho, iliyopigwa na mashine ofisini alipokwenda kukibadilisha katika mwaka wake wa mwisho, mashavu yamebonyea, macho yanaiuliza mashine ina shida gani. Ilde aliisukuma hiyo ya pili mbali kwa kidole kimoja. Akasema hatamruhusu mtu yeyote autundike ugonjwa ukutani ukaitwa dada yake. Kuhusu ya kwanza, alisema ni nzuri, ila huyo si Delfina aliyefahamika na mji. Nani wa kumsalimia? Waliomjua akiwa na shingo hiyo nao wamo ukutani.

Walijaribu kwingine. Simu ya Ilde mwenyewe ilikuwa ya vitufe, ya kuita na kuitwa. Binti yake aliyeko Bologna alipekua simu yake, akapata picha ya Krismasi ambamo Delfina ni mkono tu unaokata mkate, na nyingine ambamo ni mgongo ulioinama kwenye jiko. Jirani wa chini hakuwa na kitu. Mwenye baa hakuwa na kitu, akasema jambo ambalo wengi walilisema siku zile, kwamba hawakuwahi kufikiria kumpiga picha Delfina. Mke wa mpiga picha? Ingekuwa kama kumpelekea mke wa mwokaji kipande cha mkate.

Mwenye baa aliongeza, kwa nia njema tu, kwamba picha zake lazima zipo nyingi duniani. Wale wageni walikuwa wanapiga dirisha lile siku nzima, na si kila mara aliwahi kujificha. Ermete alirudi nyumbani na wazo hilo. Sura ya mkewe ilikuwa Osaka, ilikuwa Hamburg, ndani ya makabati ya watu wasiojua jina lake, na hapakuwa na mlango hata mmoja wa kubisha.

Alibaki na masanduku yake. Yalikuwa chumba cha nyuma, yamepangana hadi dari, kila moja limejaa negativu ndani ya bahasha, zile filamu ambazo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Alimwambia Ilde ampe muda, kwa kuwa haiwezekani mtu apige kona moja maisha yake yote asimnase mkewe hata mara moja kwa bahati mbaya. Ilde alisema Mungu akusaidie, akaacha zile zabibu.

Basi akaanza kupekua. Asubuhi, baada ya kahawa, aliketi kwenye meza iliyo karibu na mwanga, akainua filamu moja moja mbele ya jicho. Kisima, ngazi, mnara, dirisha limefungwa. Kisima kipindi cha masika, dirisha limefungwa. Kisima na majani makavu, dirisha limefungwa. Mwanzoni alizipita haraka. Baadaye mkono ukawa mzito, maana alianza kufahamu anachokitazama. Mabawa hayakujifunga. Nyuma ya kila dirisha lililofungwa alikuwepo mtu amesimama, na aliyemfungia ni yeye. Hapa alikuwa mwali wa mwaka wa kwanza wa ndoa. Hapa alikuwa amempoteza mama yake juzi tu, na bado mluzi ulipigwa na bado dirisha lilifungwa. Yumo katika picha zote, Ermete aliwaza, na haonekani hata katika moja. Alizima taa ya meza akaenda kutembea kwenye ngome ya mji bila kofia, na watu waliomwona walisema amezeeka ghafla.

Siku nyingine ndipo alipofika kwenye sanduku la theluji, na kabla hajalifungua alikumbuka kila kitu.

Theluji huanguka kwetu kwa nadra, na ikianguka haikai. Asubuhi ile ya Februari iliukuta uwanja mweupe, haujakanyagwa hata na paka. Ermete alikurupuka na ndala za nyumbani na koti juu ya pajama, akasimamisha kamera. Mwanga ulikuwa wa kipekee. Alijua anayo nafasi moja tu, kwani lori la manispaa la kumwaga chumvi lilikuwa limeshasikika likipanda kilima. Akataka kupiga mluzi, asije Delfina akafungua, lakini midomo ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi na ulitoka upepo mtupu. Akabonyeza. Sekunde ile ile dirisha likafunguka kwa kishindo, na Delfina akajitokeza nusu mwili, nywele timutimu, anacheka kwa sauti kwa kumwona mumewe na ndala ndani ya theluji, mkono mmoja umenyooka akimrushia skafu nyekundu. Kisha lori likaingia, uwanja ukawa tope.

Alipoisafisha filamu, akaona. Theluji safi, kisima safi, na pale juu mkewe na skafu yake. Alikasirika kweli. Alichukua kisu kidogo cha kazi, chenye ncha ya sindano, akavaa miwani ya kukuza, akaikwangua filamu pale dirishani taratibu, uso, nywele, mkono, skafu, mpaka pakabaki pametakata. Kwenye karatasi pakatokea dirisha lililo wazi, jeusi, tupu. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, hata leo mtu hawezi kugundua. Delfina aliingia na kahawa, akatazama juu ya bega lake.

"Umenifuta?" aliuliza.

"Ulikuwa umeiharibu."

"Ungeniachia skafu basi, ni mpya."

Akacheka, akaweka kikombe mahali pake pa kila siku, akatoka. Kadi ya theluji ndiyo iliyompa Ermete jina. Iliuzwa kuliko zote. Ilitundikwa baa, ilitundikwa duka la dawa, hata Padre aliiweka ofisini kwake. Mara ngapi Ermete alisimama chini yake, kikombe mkononi, akimweleza mgeni kuhusu subira ya mpiga picha.

Sasa aliitoa ile negativu kwenye bahasha akaiinua mbele ya dirisha. Theluji ilikuwa nyeusi, anga la kijivu, na pale juu palikuwa na upenyo mdogo mweupe ambao mwanga wa mchana ulipita moja kwa moja, bila kizuizi, ukamgonga jichoni. Alitafuta kwa kioo cha kukuza kama kimebaki chochote, hata utosi, hata kidole. Kisu chake kilikuwa makini. Ustadi aliojivunia maisha yake yote haukumwachia hata unywele. Ermete aliweka kichwa mezani, juu ya picha za mawe yake, akalia kama hakulia siku ya mazishi.

Yeye mwenyewe alimwita Ilde, akamweleza bila kujitetea. Ilde aliichukua ile filamu, akaielekeza kwenye mwanga, akaona kile kitundu.

"Alikuwa anafanya nini hapa?" aliuliza.

"Anacheka. Ananirushia skafu."

Ilde aliirudisha filamu mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Unajua pale baa alikuwa anafanyaje? Akija mgeni akaisifu ile kadi, dada yangu alikuwa anainuka anaweka kidole pale penye weusi. Anasema, mimi niko hapa, nimejificha kwa sababu nywele zangu mbaya. Watu wanavunjika mbavu. Mji mzima tunajua, Ermete. Tulidhani na wewe unajua kwamba tunajua."

Ermete alisema hakuwahi kumsikia.

"Ungemsikia wapi, shemeji? Wewe ulikuwa uko na wageni."

Ermete aliuliza tu kama Delfina alikuwa anasema hivyo kwa uchungu. Ilde alifikiri, akatikisa kichwa. Alisema hapana, alikuwa anasema kwa mzaha, na kwamba hilo ndilo linalomuuma yeye, kwa sababu uchungu angalau wangeuona.

Jiwe halingoji. Quinto alituma ujumbe kwamba anayechoma kaure anafunga tanuri kwa msimu, kama picha ipo iletwe. Ermete alipeleka ya arusi. Quinto, mtu mwenye mdomo mpana ila si mbaya, aliishika kwa ncha za vidole, akamtazama yule msichana wa shela, akamtazama mzee aliye mbele yake.

"Mzee Ermete, siku ukiwekwa kando yake watu watadhani ni mjukuu wako."

"Wadhani."

"Huna nyingine kweli? Wewe?"

Quinto, alipoona Ermete alivyosimama, hakuuliza tena. Alisema tu kwamba itapendeza, kaure huwa inapendeza.

Siku ya Marehemu kulikuwa na jua jembamba la Novemba. Ermete alipanda na krisantemu nyeupe, akavaa tai, akasimama kando ya safu ya tatu kama inavyotakiwa, kupokea salamu. Watu walifika, wakambusu mashavu, wakampa pole, wakainua macho kwenye jiwe. Hapo ndipo alipowaona wanavyosita. Mikono iliyokuwa inakwenda kugusa picha, kama tunavyogusa sura ya mtu tuliyemzoea, iliishia njiani ikarudi kifuani kufanya ishara ya msalaba. Walimwombea. Hawakumsalimia. Mwenye baa alisimama pale muda mrefu, akitafuta kitu katika uso ule wa shela, kisha akaondoka taratibu. Na mwanamke mmoja wa zile familia zilizohamia juzi, akipita na mumewe, alimnong'oneza: masikini, tazama, alikufa bado binti mdogo. Ermete alilisikia hilo vizuri. Alitamani kumkimbilia amwambie kwamba alikuwa na mvi, alikuwa na kidevu cha pili, alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. Lakini angemwonyesha nini? Akatengeneza maua yaliyokuwa yamekwisha tengenezwa, akashuka.

Nyumbani aliingia chumba cha mbele, ambacho kwa kweli kilikuwa chumba cha Delfina. Kiti chake kilikuwa pale pale, na bakuli la maharagwe kwenye kizingiti. Tangu mazishi hakuna aliyefungua dirisha. Alilifungua, akaketi, akaweka viwiko pale Delfina alipokuwa akiweka vyake. Mawe ya kizingiti yalikuwa na mabonde mawili madogo, na viwiko vyake havikutosha vizuri. Uwanja ulikuwa chini, kisima, ngazi, mnara. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona kutoka upande huu akiwa amekaa. Aliona kumbe nao ni mzuri ukiwa na watu.

Vijana wawili, mwanamume na mwanamke, walikuwa wamesimama karibu na kisima na simu yao juu ya kijiti. Walijipanga, wakatazama kioo, wakanong'onezana. Kisha yule binti akainua uso kumwelekea Ermete, akatabasamu kwa adabu yote, akapunga mkono pembeni. Ishara yake ilikuwa wazi kwa lugha yoyote. Babu, tunaomba utoke kidogo.

Ermete alirudi nyuma akavuta mabawa.

Giza lilikuja na mistari ya mwanga kati ya vibao. Alibaki ameketi, hajui mtu hufanya nini humu akishafunga. Ndipo alipokiona kibao kimoja, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kisichofanana na vingine. Rangi ilikuwa imetoka, mbao imekuwa laini, yenye kung'aa, na kilikuwa kimelegea upande mmoja. Aliweka kidole chini yake akakiinua, nacho kilipanda bila shida, kwa uzoefu. Katika upenyo ule hauonekani mnara, wala ngazi, wala kisima chote. Panaonekana mahali pamoja tu: kando ya kisima, kwenye mawe yaliyochubuka, pale alipozoea kusimamisha miguu mitatu ya kamera yake.

Kumbe kila alipomfungia, Delfina alikuwa anamtazama.

Chini wale vijana walipiga picha zao, wakacheka, wakaondoka. Ermete alisikia viatu vyao vikipungua sauti kwenye mawe. Angeweza kufungua dirisha sasa, uwanja ulikuwa mtupu. Hakufungua. Alikaa pale kwenye kiti cha mkewe, kidole chini ya kibao, akingoja mluzi wa pili.